Mistari Niliyoiruka

Barua zetu zote zilikuja kwa anwani ya kanisa. Mwalimu wa kanisa alizipokea katikati ya wiki akazifungia ndani ya sanduku la vitabu, na Jumapili ibada ikiisha alisimama mlangoni akaziita moja moja, kwa sauti ile ile aliyoitumia kutangaza ndoa. Kila aliyekuwa na mume, kaka au mtoto huko chini Voi, Mombasa au kwenye mashamba ya katani alisogea karibu. Mimi sikuwa na sababu ya kusogea. Mume wangu alikuwa nyumbani Werugha kila siku ya Mungu, katikati ya kabichi zake, na hakuna mwanamke anayeandikiwa barua na mtu anayelala naye kitanda kimoja. Hata hivyo nilisogea.

Aliyeitwa mara nyingi kuliko wote alikuwa mke wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Tulikaa boma moja, nyumba yangu juu, yake chini, ya mama mkwe wetu katikati. Alikuwa ameolewa kutoka Chawia mwaka mmoja tu uliopita, na mumewe akarudi kazini kwake relini Voi kabla ya udongo wa kuta zao kukauka. Aliniita dada. Alinitekea maji bila kuombwa, alinibebea mtoto nilipokuwa shambani, na akipika mbaazi aliniletea bakuli kabla ya kuonja yeye. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba aliandikiwa barua.

Na hakujua kusoma. Wenzake walipokwenda shule ya misheni, baba yake alimwacha na ng'ombe. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, jambo ambalo sikuacha mtu alisahau. Kwa hiyo barua yake ikiitwa, aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani chini ya leso, akapanda nayo mlima mpaka nyumbani, kisha akanipa mimi. Tulikaa kwenye jiwe nyuma ya zizi, yeye akitazama mdomo wangu, mimi nikitazama karatasi.

Barua za kwanza nilizisoma zote, neno kwa neno. Nataka hilo lijulikane. Zilianza kama barua zote za siku zile: salamu nyingi sana, mimi huku ni mzima wa afya, sijui wewe huko, mama hajambo, ng'ombe mwekundu amezaa? Yote hayo yangeweza kuandikwa na mtu yeyote. Lakini ukifika katikati, yule mwanamume alianza kuzungumza. Alisema akimaliza zamu hukaa upande wa stesheni ambao milima yetu inaonekana, na asubuhi akiona ukungu umefunika vilele husema moyoni, leo mke wangu amejitanda ile leso ya buluu. Alisema ameonja chai ya Wahindi wa Voi na ya mzungu wa stesheni, na zote hazina utamu wa chai aliyoinywa kwa mkewe siku ile ya mvua. Alikuwa mtu wa kufunga na kufungua vyuma vya njia ya treni, mikono yote mafuta, na bado aliandika hivyo.

Mume wangu akifurahi alisema, "Haya." Akikasirika alisema, "Haya." Nilimzalia mtoto wa tatu akaingia, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Alikuwa mtu mwema, hakunipiga, hakulewa, na shamba lake lilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko yote kijijini. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nikisoma kwa mdomo wangu mwenyewe maneno niliyoyatamani, kisha nayaona yakitua kwenye uso wa mwanamke mwingine. Uso ule ulikuwa ukifunguka. Nilichukia kuuona.

Siku ya kwanza niliruka mstari mmoja tu. Shemeji alikuwa amemwita mkewe mapigo ya moyo wangu, nami nikasoma, "Mke wangu." Ilikuwa rahisi kama kuruka dimbwi la maji. Barua iliyofuata niliruka habari ya ukungu na leso. Baadaye nikawa fundi: jicho linatangulia, linaona tamu iko wapi, ulimi unapita pembeni. Salamu za ng'ombe sikuwahi kuziacha. Kufikia miezi ya mvua za vuli, yule maskini alikuwa akipokea barua za mtu anayeuliza habari za mifugo na kuaga. Uso ukaacha kufunguka. Nikimwona namna hiyo nilipata raha, na raha hiyo ilinitia aibu, na aibu nayo ikanifanya nimchukie zaidi.

Huo ulikuwa mwaka serikali ya wakoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, na watu waliosafiri kwa treni walikaguliwa vipande vyao vya utambulisho Voi. Milimani kwetu habari hizo zilifika zimechelewa, kama kila kitu. Jumapili ya kwanza ya Majilio mwalimu wa kanisa alitangaza kwamba padre atakuja Krismasi yenyewe kutupa Meza ya Bwana, ambayo hatukuwa tumeipata tangu Pasaka, kwa hiyo tujiandae. Kila wiki tutafundishwa jambo moja, na kila wiki mwanamke mmoja atasimama aseme anavyoliishi nyumbani kwake: kungoja, kunyenyekea, kusamehe na kupenda. Baadaye akasimama mlangoni na barua. Mke wa shemeji akaitwa.

Barua ile naikumbuka mpaka mikunjo yake. Baada ya salamu shemeji aliandika kwamba hatapata ruhusa, kwa kuwa treni za sikukuu ni nyingi. Lakini amepewa chumba chake peke yake, chenye dirisha. "Njoo wewe," aliandika. "Nimeongea na dereva wa lori la mboga. Litashuka siku mbili kabla ya Krismasi, atapiga honi pale njia panda na kukungoja. Nitakuwa stesheni. Nimechoka kuongea na milima." Chini yake alikuwa ameandika jambo lingine ambalo hata leo sitaliandika hapa, kwa sababu si langu.

Nilisoma, "Sitapata ruhusa Krismasi hii, kazi ni nyingi. Wasalimie wote."

"Basi?" akaniuliza.

"Basi."

Aliikunja barua taratibu, akaitia ndani ya mkebe wa majani ya chai alimohifadhia zote, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilibaki kwenye jiwe. Nilijiambia nitamwambia kesho, nitajifanya nimegundua ukurasa ulioshikana. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na zaidi. Mtu mwenye wiki tatu hajioni mwovu.

Wiki ya kungoja ikapita. Wiki ya kunyenyekea alisimama mama mkwe, akaeleza jinsi anavyomwomba msamaha hata mbuzi akimpiga bila sababu, watu wakacheka. Wiki ya kusamehe alisimama mjane mmoja wa upande wa chini, akalia kabla ya kusema lolote, tukaimba. Na kila wiki nilipiga magoti, nikafumba macho, nikaona chumba chenye dirisha. Sitasema uongo, sikuona dhambi yangu. Niliona dirisha. Nilijiuliza kama lina pazia. Nilifikiri, huyu atalala Voi kama bibi wa stesheni, atasikia treni, atanunuliwa mkate wa duka, na mimi nitakuwa hapa nikitafuta kunguni kwenye magodoro na mtu wa "Haya".

Jumapili ya tatu baada ya ibada, mwalimu aliuliza nani atasimama wiki ijayo kwa habari ya upendo. Wanawake wakatazamana. Ndipo mke wa shemeji, ambaye hakuwahi kufungua mdomo kanisani ila kwa kuimba, akainuka. Akasema anamtaja dada yake, mimi. Alisema kuna mtu anayempa mwenzake chakula na watu wote wanaona, na kuna mtu anayempa mwenzake kitu kwa siri, anambebea mzigo bila kusema, na dada yake ni wa namna hiyo. Macho yake yalikuwa na machozi. Nilidhani ananidhihaki. Baadaye, nilipoona hanidhihaki, niliona wivu mpya kabisa: yaani hata wema ananizidi, hata kusifu anajua. Sikuelewa alichosema, wala sikumwuliza, kwa sababu niliogopa kuuliza.

Nikasimama Jumapili ya nne nikanena juu ya upendo. Nilinena vizuri. Nilikuwa na sauti na nilikuwa na darasa la nne. Nilisema Mungu hakutuma habari tu kwamba anatupenda, bali alikuja mwenyewe na kukaa nasi. Nilikuwa nimesikia mahubiri hayo miaka mingi, nikayapanga upya. Wazee waliitikia. Mume wangu, kwenye benchi la wanaume, alitikisa kichwa kidogo, nami nikajua anasema, "Haya." Mke wa shemeji alinitazama mdomo vile vile alivyonitazama kule nyuma ya zizi.

Siku mbili kabla ya Krismasi tulikuwa sote wawili kwenye matuta tukipalilia njegere. Ukungu ulikuwa umeinuka mapema. Nilisikia lori kabla yake, likinguruma kwenye kona za bonde. Lilifika njia panda likasimama. Likapiga honi. Nikaendelea kupalilia. Likapiga tena, ndefu, kisha mara ya tatu. Jembe langu lilikata njegere tatu nzuri.

Mke wa shemeji alinyoosha mgongo akatazama chini. Kutoka pale uliona turubai la lori na moshi wake. "Leo lori linaita kama limesahau mtu," akasema.

Nikamjibu kwamba madereva wanapenda kelele. Ningeweza kusema wakati ule. Angekimbia, alikuwa na miguu myepesi, angefika hata bila kunawa. Lori lilingoja kiasi cha mtu kunywa kikombe cha chai ya moto, halafu likaondoka. Tulilisikia mpaka likapotea upande wa Mwatate. Yeye alirudi kwenye mstari wake wa njegere, na baada ya kitambo akaniomba nihame upande wa kivuli, kwa kuwa nilionekana sijisikii vizuri.

Sasa nieleze desturi moja ya kwetu. Wadawida wa zamani waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu wa nyumba huiharibu nyumba: ng'ombe hatoi maziwa, mtoto hapati nafuu. Kwa hiyo watu walikutana, kila mtu akachukua funda la pombe ya miwa, akalipuliza chini na kutamka kwamba kama ana kinyongo na mtu, kitoke na kiende. Huko ndiko kutasa. Kanisa lilikataza pombe. Mama mkwe wangu, aliyebatizwa akiwa tayari na wajukuu, alikubali kuacha pombe, lakini alisema maji hayajakatazwa na mtu, na kwamba hataki mtu wa boma lake aende kwenye Meza ya Bwana na moyo wa moto. Mbona Yesu mwenyewe alisema uache sadaka yako hapo hapo uende kwanza ukapatane na ndugu yako? Kwake mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, na mwalimu wa kanisa hakuthubutu kumbishia.

Basi mchana wa kuamkia Krismasi alituita uani na kibuyu cha maji ya chemchemi. Alianza yeye, akapuliza, akasema kama nimemkasirikia yeyote hapa, kitoke. Mume wangu akapuliza, akasema maneno hayo hayo, na nilishangaa kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Mke wa shemeji akapuliza. Alisema, "Kama nimemwazia vibaya mume wangu aliye mbali, mawazo hayo yatoke. Nampa Mungu."

Kibuyu kikaja kwangu. Nikachukua funda. Yalikuwa maji baridi ya kwetu, yanayouma meno. Nilijua la kusema, lilikuwa fupi, hata watoto walilijua. Lakini ukilitamka na bado umekishikilia kinyongo, umemdanganya Mungu, na wazee wote waliokufa, na watu waliosimama pale. Mashavu yamejaa, wote wananitazama. Nikameza.

Mwanangu wa pili akacheka, "Mama amekunywa." Hakuna mwingine aliyecheka. Mama mkwe alichukua kibuyu mikononi mwangu akakiziba.

"Umekimeza," akasema. "Basi kimo ndani. Usikipeleke Mezani."

Hakuuliza ni nini. Jioni ile mume wangu alinisogezea kigoda karibu na moto, akakaa upande wa pili, akanyamaza. Lakini alinyamaza akinitazama.

Asubuhi ya Krismasi, wengine wakivaa nguo zao nzuri, niliteremka mpaka nyumba ya chini. Alikuwa akijifunga leso ya buluu. Nikamwambia alete mkebe. Akauliza kama kuna barua mpya, nikasema hapana, ni zile zile. Tukakaa kitandani kwake, nikazitoa barua zote, nikaanza na ya kwanza niliyoiharibu. Nilipofika kwenye mstari nilioruka nilisema, "Hapa niliruka," kisha nikasoma. Mapigo ya moyo wangu. Hapa niliruka. Ukungu na leso. Hapa niliruka. Chai ya siku ya mvua. Na niseme ukweli wote: hata wakati ule, nikisoma kwa toba, wivu ulikuwa unaniuma vile vile. Nilidhani kutubu kungeuondoa. Ulikaa pale pale, nikasoma ukiwapo.

Ya mwisho niliisoma polepole. Chumba, dirisha, lori, honi pale njia panda.

"Nilikuwa naona," akasema nilipomaliza. "Macho yako yanashuka mistari mingi na mdomo haufunguki. Kila barua nilikuwa naona."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani ni maneno mabaya. Nilidhani amepata mwanamke mwingine Voi, anaandika hayo, na wewe unanificha ili nisiumie." Akafunika mkebe. "Nilikuwa nakuombea kila siku, dada. Nilimwambia Mungu akulipe kwa kunihurumia."

Sijawahi kupigwa na mtu kama nilivyopigwa na maneno yale. Miezi mitatu mwanamke huyu alikuwa akiamini kwamba ameachwa, akaubeba uchungu ule kimya ili asinivunje moyo mimi, niliyekuwa mwema kwake. Ndiyo maana alinitaja kanisani. Yeye hakungoja. Alichukua kapu akaanza kutia nguo.

Nilimwambia mama mkwe mbele ya mume wangu, uani, watu wakiwa tayari kuteremka kanisani. Nilisema yote kwa maneno machache. Mama mkwe alifumba macho. Mume wangu alimtazama mke wa ndugu yake aliyesimama na kapu, akaingia ndani, akatoka na fimbo yake na viatu vyake vya Jumapili mkononi. Akachukua kapu. Wakateremka wawili njia ya Mwatate, Krismasi yenyewe, bila Meza ya Bwana na bila wali, mume wangu mbele akimwonyesha mawe yanayoteleza. Mimi nilikwenda kanisani nikakaa benchi la nyuma, karibu na mlango ule wa barua, na wote walipokwenda mbele kupokea nilibaki nimekaa. Mwalimu aliniangalia kwa mshangao, kwa vile Jumapili iliyopita nilinena vizuri sana.

Walifika Voi kesho yake. Shemeji, nilisikia, alikuwa amekwenda kulipokea lori lile, dereva akamwambia mkeo hakutaka kuja. Siku tatu nzima alikuwa ameamini hivyo. Mume wangu aliniambia hayo aliporudi, maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake, kisha akavua viatu, akasema, "Haya." Mara ile nilitaka kulia kwa sababu nilielewa neno hilo lilichobeba.

Mke wa shemeji alikaa Voi mpaka mwisho wa Januari, akarudi kupanda maharagwe. Alinisalimia. Alinitekea maji. Jambo lile hatukulizungumza.

Jumapili moja ya Februari mwalimu wa kanisa alisimama mlangoni akamwita. Wakati huo kulikuwa na kijana wa mwalimu mwenyewe, aliyemaliza shule, ambaye angeweza kumsomea barua pale pale kanisani. Aliipokea, akaiweka chini ya leso, akapanda mlima. Nikamfuata kwa mbali. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe nyuma ya zizi, akakaa, akaninyooshea bahasha ikiwa bado imefungwa.

Nikaifungua. Nilisoma salamu nyingi sana, mimi huku ni mzima wa afya, sijui wewe huko. Kisha jicho, kwa mazoea yake, likatangulia, likaona mstari unaofuata. Yeye alikuwa akinitazama mdomo. Hakuna ambaye angejua nimeruka nini.

"'Tafuta mtu mwingine wa kukusomea barua zangu,'" nikasoma. "'Yule mke wa kaka usimpe tena hata moja. Na kama ni yeye anayesoma hapa, ajue kwamba sijamsamehe.'"

Nikaishusha barua magotini. Yeye hakuondoa macho kwenye mdomo wangu.

"Endelea," akasema.